Koti la Pikapu

Sista Mkuu wa kliniki ya uzazi hakupaza sauti. Alimwita baba yangu hadi kwenye mlango wa stoo ya mashuka, akafungua rundo la katikati na kumwonyesha mahali maji yalipopita, shuka la kwanza mpaka la sita.

"Mzee wangu, hii ni mara ya pili," alisema. "Mtu amejifungua usiku, siwezi kumlaza kwenye shuka bichi. Jumatatu yakija yamelowa tena, nitatafuta dobi mwingine. Utanisamehe."

Baba alisema amesikia. Akayabeba yale sita kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, na mimi nikamfuata nyuma na hati ya mapokezi mkononi.

Nilikuwa na miezi minne tangu nihitimu chuo. Huku nikisubiri majibu ya barua za kuomba kazi, nilimsaidia Baba kupakia na kushusha. Yeye ni dobi. Mashine zake mbili za kufulia ziko kwenye banda nyuma ya nyumba, na wiki nzima zinazunguka kwa ajili ya kliniki ile. Wateja wengine ni wa hapa na pale: nyumba moja ya wageni, mapazia ya jirani, suti ya mtu mwenye usaili. Kliniki ikiondoka, banda linafungwa. Baba hakuhitaji kuniambia hilo.

Tulipoingia kwenye pikapu hakuwasha gari.

"Profesa," aliniita. Jina hilo alinipa siku ya mahafali, nikajaribu kulikataa, likanishinda. "Nitafutie kifuniko cha nyuma ya hili gari. Kigumu, cha kudumu. Ila mama yako asijue sababu."

"Kwa nini asijue?"

"Si unajua aliyelishona hili lililopo."

Nilijua. Mama ni mshonaji wa magauni. Baba aliponunua pikapu, miaka mitatu iliyopita, Mama alitoka na utepe wake shingoni, akalizunguka gari akilipima kama anavyompima bibi harusi, huku akiandika namba kwenye kiganja. Akakata turubai la kijani. Akaliwekea upindo wa vidole viwili, utepe mweupe pembeni, vifungo vya chuma, na kwa ndani mfuko mdogo wa kuhifadhi hati. Mafundi wa gereji walimtania Baba kwamba pikapu yake imevaa suti. "Nendeni mkawaambie wake zenu na ninyi," aliwajibu, na kwa wiki nzima alikuwa akiegesha mahali watu watakapoliona.

Lakini mvua ikinyesha, maji yalikaa katikati ya turubai lile, kisha yakaanza kupenya. Mimi na Baba tulilijua jambo hilo. Mama, ambaye hakuwahi kwenda kwenye kliniki, hakulijua.

Jioni ile mezani Baba alijaribu uongo wake. Baba hana kipaji cha uongo. Kabla ya kuusema, alisogeza sahani, akasogeza glasi, akakohoa.

"Mama watoto, lile turubai naona limechoka na jua."

"Basi nitashona jingine," alisema Mama. "Kipimo ninacho." Akanyanyuka, akaenda nyuma ya mlango anakotundika karatasi zake za kukatia nguo, akarudi na mbili kubwa zilizokunjwa vizuri. Juu yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: PIKAPU.

Baba alizitazama zile karatasi kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.

"Sitaki ujisumbue. Turubai gumu lile, na macho yako..."

"Macho yangu yana nini?"

"Mazuri," Baba alisema. "Macho yako mazuri sana."

Mama alinigeukia. "Huyu leo ana nini?" Mimi nikajitia kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Kwa hiyo nilikuwa na siku nne. Nilizichukua kwa moyo wote, maana hatimaye mtu alikuwa ameniomba nifanye utafiti. Nilinunua daftari jipya. Nikazunguka maduka ya vifaa vya magari, nikauliza maswali, nikaandika. Kulikuwa na vifuniko vya bati jepesi vinavyokunjwa mara tatu. Kulikuwa na shata inayojiviringisha kama ya mlango wa duka. Na kulikuwa na cha faiba, kipande kimoja kigumu, chenye kufuli na raba pande zote, ambacho muuzaji alikipanda kwa miguu yote miwili kunionyesha. Siku ya Ijumaa nililiosha gari, nikapima urefu wa bodi ya nyuma na upana wake mara tatu, nikachora. Faiba ilishinda kwenye kila safu ya jedwali langu. Nilimwonyesha Baba, akalisoma jedwali zima kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Hapa umeandika nini?"

"Ustahimilivu."

"Neno zuri," alisema. "Twende na hilo."

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwa fundi anayefunga vifuniko hivyo. Mama, aliyekuwa ameambiwa tu kwamba tunakwenda kufunga kifuniko kipya, alikuja nasi. Baba alipoanza kusema kwamba kutakuwa na vumbi, Mama alikwisha kaa kwenye kiti na kujifunga mkanda. "Gari nimelivalisha mimi," alisema. "Likivuliwa niwepo."

Fundi huyo watu wanamwita Bado, kwa kuwa ndilo jibu utakalolipata ukimuuliza kama kazi yako imekwisha. Ni mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja, na uwanja wake ulikuwa umejaa milango ya magari iliyoegemezwa ukutani kama wanafunzi waliochelewa. Nilimsalimia, nikamfungulia daftari. Alisikiliza maelezo yangu yote bila kunikatiza, hata sehemu ya raba.

"Umefanya kazi nzuri, msomi. Mnabeba nini?"

"Mashuka," Baba alisema.

"Tuone yanavyokaa."

Tulikuwa na mzigo wa nyumba ya wageni, ambao tungeupeleka tukitoka pale. Baba alifungua turubai. Fundi Bado aliangalia, kisha akaweka kiganja chake wima juu ya ukingo wa bodi, kidole gumba chini, na marundo ya mashuka yakawa yamefika kwenye ncha ya kidole chake kidogo. Shibiri nzima juu ya ukingo.

Baba hapangi mashuka kwa kuyalaza. Huyasimamisha, rundo kando ya rundo, kama vitabu kwenye rafu, kwa sababu anasema shuka lililopigwa pasi likilaliwa na jingine mstari wake unapinda, na yeye hajawahi kumpelekea mtu mstari uliopinda. Mimi nilikuwa nimeyasimamisha marundo yale kwa mikono yangu kwa miezi minne. Halafu nikaenda kupima gari likiwa tupu, limeoshwa, linang'aa.

"Urefu unao, upana unao," Fundi Bado alisema taratibu. "Kimo?"

Sikuwa nacho. Nililishika daftari kwa mikono miwili. Faiba ilikuwa ya kulala bapa. Bati bapa. Shata bapa. Kurasa kumi na moja, na kila kitu ndani yake kilikuwa bapa.

"Hata mimi sikukumbuka," Baba alisema haraka.

"Wewe ndiye unayepakia kila siku," Mama alimwambia.

"Ndiyo maana. Nimeshazoea."

Fundi Bado alicheka, lakini si kwa ubaya. Kisha akauliza swali ambalo mimi na Baba tulikuwa tukilikimbia siku zote hizo. "Na hili mlilonalo lina kasoro gani? Naona limeshonwa na mtu anayejua kushona."

"Jua," Baba alisema. "Limepigwa na jua."

Fundi akalikunja pembeni, akalinusa, akalivuta. "Jua halijalifanya kitu." Akatuomba tushushe mashuka tuyaweke kwenye meza yake, akalifunga turubai juu ya bodi tupu, akajaza ndoo bombani. Baba alisema hakuna haja. Fundi Bado alimwaga.

Maji hayakumwagika kwenda pembeni. Yalikusanyika katikati, turubai likabonyea polepole kama godoro linalokaliwa na mtu mzito. Tukasimama sote wanne tukiangalia. Baada ya muda tulisikia tone la kwanza likigonga bati la bodi chini, kisha la pili, kisha yakawa hayahesabiki.

"Ni jua tu, mama watoto," Baba alisema. "Limelegeza."

"Baba watoto, nyamaza kidogo."

Mama alisogea. Alipitisha kidole kwenye mshono wa katikati, ule aliouweka kuanzia mbele hadi nyuma kama mshono wa mgongo wa koti, na kila tundu la sindano lilikuwa na kitone chake cha maji. Kisha akalibonyeza turubai, akaona jinsi lilivyo na ziada, vidole vinne upande huu, vinne upande ule.

"Nimeliachia nafasi ya kupumua," alisema. Hakuwa akisema na yeyote. "Mtu anahitaji kukaa. Anahitaji kunyanyua mkono. Na gari nikaliachia vilevile." Akageuka. "Umejua lini?"

Baba aliangalia viatu vyake.

"Tangu mvua za mwaka jana," alisema.

"Mwaka mzima? Na yale mashuka ukayafanya nini?"

"Nilikuwa nikivua koti la mvua nalitandika juu yake kwa ndani. Lilikuwa linatosha. Siku hizi mbili za mwisho mvua ilizidi."

Mama alikaa kwenye tairi lililolala pale. Nilidhani atalia, na nadhani Baba alidhani hivyohivyo, kwa kuwa alipiga hatua moja mbele na kusimama. Mimi koti lile nilikuwa nikilikuta juu ya mashuka wakati wa kushusha, lakini sikuwahi kujiuliza yeye amebaki na nini. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akirudi nyumbani ameloa hadi soksi, na Mama akimgombeza huku akimpa taulo.

"Nilikuwa nawaambia wateja wangu mume wangu anapenda mvua kama bata," alisema Mama.

"Siipendi hata kidogo."

"Ungeniambia."

"Ulilipima gari langu kwa utepe, mama watoto. Ukaandika vipimo vyake mkononi. Ningeanzia wapi?"

Fundi Bado alikuwa ameondoka na ndoo yake, kwa adabu, na kwenda kutafuta kitu asichokihitaji kwenye kona.

Mimi nikasema, kwa kuwa mtu alipaswa kusema, kwamba Jumatatu ndiyo siku ya mwisho. Nilimweleza Mama maneno ya Sista Mkuu, yote, na yale mashuka sita. Baba hakunizuia. Mama alisikiliza, akajipangusa mikono kwenye kanga yake, akanyanyuka.

"Fundi," aliita. "Njoo unionyeshe vitambaa ulivyonavyo."

Hapo ndipo nilipoona kwamba mtafiti wa familia hakuwa mimi. Fundi Bado alileta roli tano za turubai zito lililopakwa plastiki. Mama hakuuliza lipi linadumu. Alikunja pembe ya roli la kwanza, akalibana kwa ukucha, akaliachia: mkunjo ukabaki mweupe. "Hili litachanika hapa kabla ya mwaka." La pili alilivuta kwa mshazari, likanyooka, halikurudi. "Hili litalegea lenyewe, halihitaji mimi." La tatu lilikuwa jekundu, zuri, na Baba aliliangalia kwa tamaa. Mama alitoa kitambaa cheupe cha mfukoni, akakitia maji, akasugua. Kitambaa kikawa na rangi ya waridi.

"Tupeleke mashuka ya wazazi yakiwa hivi?" alimuuliza Baba.

"Sikusema kitu."

"Macho yamesema."

La nne, la kijivu, alilikunja, akalivuta, akalisugua, akalipiga ngumi, akarudia tena kila kitu. Kisha akalipapasa kwa kiganja. "Hili," alisema.

Fundi Bado alikubali kwa kichwa. Alieleza anachofikiria: matao matatu ya bomba jembamba, yamepindwa, yamefungwa kutoka ukingo mmoja wa bodi hadi mwingine, ili mashuka yasimame chini yake na maji yateleze pande zote mbili. Juu yake turubai, limekazwa kama ngozi ya ngoma. Katikati hakuna mshono. Pembeni, vipande vinaunganishwa kwa kifaa kinachopuliza hewa ya moto, siyo uzi.

"Hakuna sindano kabisa?" Mama aliuliza.

"Hakuna hata tundu moja, mama."

Mama aliangalia ncha za vidole vyake. "Sawa," alisema.

"Leo litakwisha?" Baba aliuliza, na hapohapo akajutia swali.

"Bado," Fundi alisema. "Ila mkinisaidia."

Tulisaidia. Mimi na Baba tulishika bomba huku Fundi akipinda. Mama alichukua vipimo, safari hii juu ya matao, na mimi niliandika kwenye daftari langu, upande wa pili wa jedwali. Alipomaliza, alitandaza turubai kwenye sakafu iliyofagiwa, akachora kwa chaki, akachukua mkasi. Kisha akasimama na mkasi mkononi.

"Punguza vidole viwili kila upande," Fundi Bado alisema. "Liwe dogo kuliko gari."

"Dogo kuliko gari."

"Ndiyo, lipate kubana."

"Tangu nianze kushona sijamkatia mtu nguo inayombana. Watu wananirudishia."

"Hili halitarudi," Baba alisema. Alikuwa amepiga magoti upande wa pili, ameshika pembe isisogee. "Bana, mama watoto. Libane mpaka lishindwe kusema."

Mama alicheka, na akiwa bado anacheka akakata. Nilisikia mkasi ukipita kwenye lile turubai zito, polepole, bila kusimama, mpaka mwisho.

Ilipofika zamu ya hewa ya moto, Fundi Bado alianza mshono wa kwanza mwenyewe. Mama aliangalia: kifaa mkono wa kulia, kigurudumu cha kukandamiza mkono wa kushoto, mwendo mmoja.

"Kumbe ni pasi," alisema.

"Ni kama pasi."

"Niachie."

Fundi alisita, akamwachia, akasimama karibu na mikono tayari. Baada ya shibiri mbili alishusha mikono. Baada ya upande mzima alivuta kiti akakaa. "Mama," alisema, "Jumanne una nafasi? Nina gari la mchuuzi wa samaki."

"Sishoni samaki," Mama alisema bila kuinua macho.

Tulifunga turubai kwenye matao jua likiwa bado lipo. Ilitubidi wote wanne tuvute, na Baba aliteleza akakaa chini, na lilipokaa sawasawa Mama alilipiga kwa kidole likatoa mlio. Fundi Bado akaleta ndoo. Maji yalipita juu yake yakaenda zake.

Lakini ndoo si mvua, na Jumapili yote kulikuwa na jua. Baba alipiga pasi mashuka ya kliniki, Mama akiyakunja, nami nikiyafunga. Hakuna aliyeitaja kesho.

Jumatatu iliamka na mvua. Siyo ya kuanza na kuacha, ilikuwa ile inayoanguka kama mtu amesahau kufunga bomba. Tulisimamisha marundo kumi na manane chini ya matao, banda likitukinga, tukafunga kamba. Tukakaa watatu mbele, mimi katikati na gia gotini. Njiani Mama aligeuka mara nyingi kuangalia kioo cha nyuma, akaona kijivu tu. Kwenye dimbwi la njia panda gari la mizigo lilitupita na kutumwagia ukuta wa maji. Baba alishika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri jina lake lisomwe.

Sista Mkuu alitungoja barazani. Baba alirudisha gari nyuma mpaka chini ya paa, akafungua. Sista hakuchukua rundo la kwanza. Alipanda mwenyewe, akainama chini ya tao, akachagua lile la katikati kabisa, akaingiza mkono kati ya mashuka hadi kwenye kifundo. Akauacha humo. Niliona Mama amemshika Baba shati kwa nyuma, kipande kidogo tu, kama anavyoshika kitambaa kabla ya kukiingiza kwenye mashine.

Sista alitoa mkono. Akaingiza kwenye rundo jingine, la pembeni. Akautoa.

"Nani kalifanya hili?" aliuliza, akigonga turubai juu ya kichwa chake.

"Mke wangu," Baba alisema, kabla hata swali halijaisha.

"Basi chukueni na mapazia ya wodi mbili, mtuletee Alhamisi. Yamechafuka vibaya." Akasaini hati, akashuka, akaita watu waje wabebe.

Baba alisema ndiyo, Sista, Alhamisi, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ila alinipa mimi kalamu ya Sista badala ya kumrudishia mwenyewe. Tukabeba. Mama pia alibeba, marundo mawili, ingawa hakuna aliyemwomba, na mikono ilipokuwa mitupu hakurudi kwenye gari. Nilimkuta ndani, kwenye mlango wa chumba chenye vitanda vinne. Muuguzi alikuwa akitandika shuka letu kwenye kitanda cha dirishani, akivuta pembe kuondoa makunyanzi. Mwanamke kijana, amechoka, nywele zimemtoka kwenye kitambaa, alikaa pembeni akisubiri, mtoto kifuani. Kitanda kilipokuwa tayari alimlaza mtoto kwanza, katikati, kisha yeye akajinyoosha kando yake na kulaza shavu kwenye shuka. Alifumba macho palepale.

Mama aliangalia. Nje mvua iliendelea kupiga.

Muuguzi aligeuka akatuona. "Karibuni. Ninyi ni ndugu zake?"

"Hapana, mwanangu," Mama alinong'ona, asije akamwamsha. "Sisi ni wa mashuka."